Mwanangu anapenda mijusi na nyoka, na mwaka wa tatu huu hajachoka

Kila mzazi anaijua shauku ya mtoto. Leo anataka mpira, kesho anataka gitaa, wiki ijayo anataka kufuga sungura. Unahangaika kumtafutia, na kabla mwezi haujaisha sungura wamekuwa wako wewe. Wewe ndiye unayekata majani, wewe ndiye unayesafisha banda. Mwenye sungura yuko uwanjani, ameshahamia kwenye jambo jingine.

Mwanangu wa pili, mvulana wa miaka 11, ameangukia kwenye jambo ambalo wazazi wengi wangeomba limtoke haraka. Anapenda reptilia: mijusi, vinyonga, kobe, kenge na nyoka. Alianza akiwa darasa la pili. Sasa yuko la tano na moto bado unawaka.

Hapa Mbesa watu huniuliza maswali mawili. La kwanza ni, "Mama, wewe huogopi?" La pili huulizwa na wazazi wenye watoto wa rika lake: "Umefanyaje mpaka hajachoka?"

La kwanza najibu kwa neno moja: naogopa. Hilo la pili ndilo ningependa kulizungumza leo, kwa sababu naona linamfaa hata mzazi ambaye mtoto wake anapenda ndege, magari au kuchora.

Shamba la wanyama lisilo na uzio

Kwa asiyeijua, Mbesa ni kijiji cha Wilaya ya Tunduru, Mkoa wa Ruvuma, kusini kabisa mwa nchi, kuelekea mpaka wa Msumbiji. Tunalima korosho, mpunga, karanga na mihogo. Mashamba yetu yanapakana na pori, na pori halina uzio.

Kwa hiyo mtoto anayependa reptilia hapa hahitaji kwenda popote. Usiku mijusi kafiri wanapanda ukutani kuzunguka taa. Mchana mjusi dume mwenye kichwa cha bluu anakaa juu ya jiwe akiota jua huku akitikisa kichwa kama anayekubali jambo. Mvua zikianza, kinyonga anavuka njia kwa mwendo wake ule wa kusitasita. Kenge anatembelea kuku bila kualikwa. Kobe anaokotwa shambani wakati wa palizi.

Nyoka nao wapo. Kifutu, koboko na swila si majina ya vitabuni huku kwetu.

Ndiyo maana kabla ya kuzungumzia shauku, baba yake na mimi tuliweka sheria nne, na hazijabadilika tangu darasa la pili.

Kwanza, nyoka haguswi. Awe hai au amekufa, awe mkubwa au mdogo kama mnyoo. Kichwa cha nyoka aliyetoka kuuawa bado kinaweza kung'ata. Najua nyoka wengi hawana madhara kwa binadamu, lakini kumtofautisha mmoja na mwingine si kazi ya mtoto.

Pili, mnyama anaangaliwa alipo. Haletwi ndani, hafungwi kamba, hawekwi mfukoni.

Tatu, akishika mjusi au kobe kwa bahati, ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine. Reptilia wengi hubeba bakteria waitwao salmonela, ambao wao hawawadhuru lakini binadamu wanamharisha vibaya, hasa mtoto wa chini ya miaka 5. Nina mdogo wao wa miaka 3, kwa hiyo sheria hii haina mjadala.

Nne, usiku hatoki peke yake, na hatoki bila viatu na tochi.

Kinyonga wa kwenye boksi

Watoto wengi wakipenda mnyama wanataka kuwa naye. Mwanangu naye alitaka. Alipokatazwa, rafiki yake wa nyumba ya tatu kutoka kwetu akaamua kufanya kwa niaba yao wote wawili. Alimkamata kinyonga, akamweka kwenye boksi la viatu, akatoboa matundu, akaweka majani na kisahani cha maji. Kila jioni walikwenda kumwangalia. Siku ya sita kinyonga akafa.

Nilimkuta mwanangu amekaa nyuma ya jiko, hasemi kitu. Kwa wiki nzima hakutaka hata kusikia neno kinyonga. Aliniambia, "Mama, mimi basi."

Hapo ndipo hobi nyingi za wanyama zinapofia. Mtoto anamkamata mnyama kwa mapenzi, mnyama anakufa, mtoto anabaki na hatia, na shauku inazikwa pamoja na mnyama.

Sikumwambia "nilikwambia". Nilimwuliza kama angependa kujua kwa nini amekufa. Swali hilo lilimrudisha. Tulimtafuta mwalimu wake wa sayansi, na pole pole tukapata picha yote.

Kinyonga kwa kawaida hanywi maji ya kisahani. Hunywa matone yaliyo juu ya majani, ya umande na mvua. Maji yaliyotulia anaweza kukaa pembeni yake na kufa kwa kiu. Hali wadudu waliolala chali kwenye boksi. Anataka mdudu anayetembea, amlenge kwa macho yake yale yanayozunguka kila moja kivyake, kisha amnase kwa ulimi. Na anahitaji jua. Reptilia hawatengenezi joto la mwili kama sisi. Huchukua joto la nje, na bila joto hilo hata chakula tumboni hakisagiki. Mwanga wa jua pia huwasaidia wengi wao kujenga mifupa.

Huko Ulaya na Marekani, wanaofuga wanyama hawa kama hobi hulazimika kununua jua. Wanakuwa na masanduku ya vioo, taa za joto, taa maalumu za mwanga unaofanana na wa jua, vipima joto na vinyunyizio vya maji. Gharama ni kubwa, kazi ni ya kila siku, na mnyama mwenyewe, kama ni kobe, anaweza kuishi miaka mingi kuliko hamu ya aliyemnunua.

Mwanangu alifikiri sana habari hiyo. Kisha akasema, "Kumbe sisi jua tunalo bure na wanyama wapo nje. Tunawaweka ndani kwa nini?"

Sheria nayo ina neno

Mwaka jana tulikuwa na safari ya Songea kwa shughuli za kifamilia. Tulitumia nafasi hiyo kumpeleka kwenye bustani ya wanyama ya Ruhila, iliyo ndani ya Manispaa ya Songea. Alimwandama askari wa wanyamapori kwa maswali mpaka nikaona haya.

Lakini jibu moja lilitufaa wote. Wanyamapori wa nchi hii ni mali ya umma, na wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kumkamata, kumfuga au kumuuza bila kibali ni kosa. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ndiyo ya kuiuliza habari za vibali. Wazazi wengi vijijini huona kobe uani ni kama kuku tu. Si hivyo. Anayetaka kufuga kweli afuate kibali kwanza, ndipo afikirie banda.

Askari yule alimwambia mwanangu jambo jingine: kumwangalia mjusi ukutani kwenu hakuhitaji kibali cha mtu yeyote.

Nami nilimweleza mwanangu habari za Kisiwa cha Changuu, jirani na Unguja mjini. Mwaka 1919 kisiwa kilipokea kobe wakubwa wanne kutoka Ushelisheli kama zawadi. Walizaana vizuri, na mwaka 1955 walikuwa wamefikia 200. Kisha watu wakaanza kuwaiba, wengine kwa nyama, wengine kuwauza nje kwa wanaofuga kobe nyumbani. Mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba. Ilibidi kuleta wadogo wengine na kuwawekea ulinzi ndipo idadi ikaanza kupanda tena.

Bara nako yupo kobe mdogo mwenye gamba bapa kama chapati, anayejificha kwenye nyufa za mawe. Anapatikana zaidi Tanzania na Kenya. Huyu naye alikamatwa sana kwa ajili ya wafugaji wa nje, mpaka mwaka 2019 akawekwa kwenye daraja la juu la ulinzi katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Hapa nyumbani, mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje.

Mwanangu aliuliza, "Hao waliowanunua, walikuwa wanawapenda?" Nikamjibu huenda walikuwa wanawapenda sana. Hilo ndilo la kumfundisha mtoto mapema: kupenda peke yake hakumtoshi mnyama.

Daftari lilivyookoa shauku

Turudi kwenye swali la kuchoka. Ukimkataza mtoto asimfuge mnyama, umemwachia nini? Ukimwachia "angalia tu", baada ya wiki mbili ataona hakuna jipya. Mjusi ni yule yule, ukuta ni ule ule.

Baba yake ndiye aliyekuja na daftari. Ni daftari la kawaida la shule. Alilichora mistari: tarehe, saa, mahali, mnyama, anafanya nini, hali ya hewa. Kazi ilikuwa moja tu kwa kuanzia: kila usiku baada ya kula, ahesabu mijusi kafiri wanaozunguka taa ya barazani.

Wiki ya kwanza aliona ni mchezo. Wiki ya tatu akaanza kusahau. Hapo baba yake hakumgombeza. Aliuliza tu, "Jana walikuwa wangapi?" Kama hakuna jibu, alisema, "Basi tumeikosa ya jana," na akanyamaza. Usiku uliofuata mtoto alihesabu.

Kumbikumbi walipotoka baada ya mvua za kwanza, mijusi waliongezeka karibu mara tatu. Mwanangu alikuja mbio jikoni kunitangazia kama aliyeshinda mtihani. Ilipofika Juni na Julai, usiku ukawa wa baridi na wadudu wakapungua, akawa anaandika mmoja, wawili, sifuri, sifuri.

Miezi hiyo ya sifuri ndiyo iliyokuwa migumu. Alisema mijusi wamehama, hobi imeisha. Nilimfungulia kurasa za Desemba nikamwambia alinganishe. Alikaa na kurasa hizo kimya, kisha akasema, "Hawajahama. Wanangoja joto." Tangu siku hiyo hata sifuri anaiandika kwa herufi kubwa, kwa sababu ameelewa kwamba sifuri nayo ni habari.

Kutoka kuhesabu alihamia kwenye maswali. Kwa nini mjusi hadondoki darini? Kwa sababu vidole vyake vina vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu, vinavyoshika ukuta. Mkia uliokatika ukiota, unakuwa sawa na wa kwanza? Hapana, alikwenda kuangalia mwenyewe na akamkuta mmoja ambaye kipande kipya kina rangi nyingine. Mijusi wanataga wapi? Alikuta mayai mawili meupe madogo nyuma ya ubao wa dirisha, akawa anayachungulia kila siku bila kuyagusa, kama miezi miwili, mpaka siku aliyokuta maganda matupu. Alilia kwa sababu alikosa kuwaona wakitoka. Alilia, lakini hakuacha.

Kinyonga aliyemwacha kwa huzuni alimrudia kwa njia hiyo hiyo. Usiku ukimulika tochi kwenye vichaka, kinyonga aliyelala anaonekana amepauka, mweupe kuliko majani. Baba yake humtoa mara moja kwa wiki, saa moja usiku, kupita kando ya njia wakimulika. Wakimwona wanaandika kichaka gani na urefu gani kutoka chini. Mara tatu wamemkuta kwenye kichaka kile kile. Siku moja mchana walimwona jike anachimba shimo ardhini kutaga. Walikaa mbali wakitazama mpaka akafukia na kuondoka. Kwa aina hii mayai huwa mengi, mara nyingi zaidi ya 20, na hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuanguliwa. Mahali pale tumepawekea vijiti vinne ili jembe lisipite.

Gharama ya yote hayo hadi leo ni madaftari manne, kalamu, na betri za tochi.

Maneno ya watu

Kijijini kwetu, kama vijiji vingi, kinyonga ana sifa mbaya. Wapo wanaoamini akikugusa ni mkosi. Nyoka ndiyo kabisa. Mtoto anayemtaja nyoka kwa furaha anatazamwa mara mbili. Haikupita muda nikaanza kusikia maneno. Mama mmoja kisimani alisema wazi kwamba mtoto anayewafuata wanyama hao usiku, ametumwa.

Wanaoishi vijijini wanajua neno kama hilo linaweza kufika wapi. Sikulipuuza. Wala sikumkatisha mtoto hobi yake ili watu wanyamaze, kwa sababu angejifunza kwamba kujua kitu ni aibu.

Tulichofanya ni kuiweka hobi hadharani. Matembezi ya usiku hupita njia kuu, baba yake yupo, na watoto wa jirani wanakaribishwa kwa ruhusa ya wazazi wao. Daftari linakaa barazani, mgeni yeyote anaweza kulifungua. Kisha tulimwendea bibi yake, mama mzazi wa baba yake, ambaye kwetu neno lake ni zito.

Bibi alikuwa mwoga wa kinyonga kuliko wote. Mjukuu wake alimkalisha akamsomea: hana sumu, akitishwa hufungua mdomo na kuwa mweusi ili aonekane mkali, anakula nzige na nzi. Anabadilika rangi kwa sababu ya joto, hofu na kuzungumza na wenzake, si kwa uchawi. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Bado sitamshika. Lakini sitamuua tena." Siku hizi akimwona kinyonga shambani anatuma mtu kumwita mjukuu wake. Mama yule wa kisimani alipoona bibi ameingia, maneno yakapungua.

Jioni ya karanga

Februari iliyopita, wakati wa palizi ya karanga, binti wa dada yangu, mwenye miaka 14, aling'atwa na nyoka mguuni. Jua lilikuwa linazama. Alimwona akitambaa kuondoka: mfupi, mnene, mwenye alama za mshale mgongoni. Ni kifutu. Nyoka huyu mara nyingi hakimbii ukimsogelea. Anatulia akitegemea rangi zake, na unamkanyaga bila kumwona.

Watu walikusanyika. Mmoja alishika wembe, mwingine alikuwa amechana mpira wa baiskeli wa kufunga mguu, wa tatu alikwenda kutafuta jiwe la nyoka. Wote walikuwa na nia njema.

Mimi nilijua la kufanya kwa sababu mwanangu alikuwa amenisomea kwenye daftari lake. Kurasa za mwisho aliandika mafundisho ya mhudumu wa afya aliyekuja shuleni kwao: usichane, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usipake kitu, usipoteze muda kumfukuza nyoka. Mtulize aliyeng'atwa, asitembee. Vua bangili, cheni na viatu kabla uvimbe haujaja. Kifunge kiungo na kijiti kisichezecheze, bila kukaza. Mpeleke hospitali mara moja. Na kama ni swila amekutemea mate machoni, osha kwa maji mengi safi, usisugue.

Nilizuia wembe na nikazuia mpira wa baiskeli. Haikuwa rahisi, kulikuwa na wakubwa kwangu. Tulimvua cheni ya mguuni, tukafunga kijiti, baba yake akampakata kwenye bodaboda hadi hospitali ya misheni hapa hapa Mbesa. Alilazwa siku kadhaa, mguu ukavimba kiasi cha kututisha, lakini alitoka akiwa na mguu wake na leo anacheza netiboli.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kung'atwa na nyoka, wengi wao wakulima na watoto wa vijijini kama wetu. Mwaka 2017 shirika hilo liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa ya nchi za joto. Ukiwa shambani, hobi ya mtoto kuhusu nyoka inaweza kuwa elimu ya afya ya familia nzima.

Nilitegemea baada ya siku ile mwanangu angewachukia nyoka. Alikaa kimya siku mbili. Kisha akaandika ukurasa mpya: mahali, saa, urefu wa majani ya karanga, viatu: hapana. Sasa kwetu hakuna anayepalilia bila viatu vya kufunika mguu, na kila mtu analala ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, kwa sababu kinazuia pia nyoka wanaotambaa usiku.

Waliotangulia

Mtoto anayependa kitu cha ajabu hufurahi kusikia kwamba hayuko peke yake. Kusini hii hii, huko Liwale mkoani Lindi, aliishi Mwingereza aitwaye Constantine Ionides, aliyezaliwa 1901 na kufariki 1968. Alianza kwa kuwinda tembo, tena kinyume cha sheria, kisha akawa bwana nyama katika Pori la Selous. Nyoka walimteka baadaye, akiwa mtu mzima. Alikamata maelfu kwa ajili ya makumbusho, bustani za wanyama na watafiti wa sumu, na wenyeji ndio waliompelekea habari za wapi nyoka ameonekana. Nyoka walimng'ata pia, na hilo namweleza mwanangu bila kuficha.

Mwingine ni Jonathan Leakey, mtoto wa Louis na Mary Leakey waliochimba Olduvai. Alipenda nyoka tangu utotoni. Mwaka 1960, akiwa kijana wa miaka kama 20, aligundua Olduvai taya la binadamu wa kale ambaye baadaye aliitwa Homo habilis. Ugunduzi kama huo ungemfungulia njia ya wazazi wake. Yeye akaenda Baringo, Kenya, akafuga nyoka na kukamua sumu inayotumika kutengeneza dawa ya kuokoa walioumwa.

Ninachokiona kwa watu hawa ni kwamba shauku yao ilipata kazi ya kufanya. Tena haikubaki na sura moja. Ukiona mtoto wako ametoka kwenye mijusi akaenda kwenye vyura au wadudu, usimcheke kwamba ameshachoka. Huenda ni shauku ile ile imevaa nguo nyingine.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa namna hii

Usianze na banda wala boksi. Anza na daftari na swali moja dogo la kila siku.

Weka sheria za usalama chache, zieleweke, zisibadilike kwa kubembelezwa.

Miezi ya ukame ikija, ya mambo kupoa, usimlazimishe na usimtangazie kwamba ameshindwa. Mfungulie kurasa za nyuma aone alikotoka.

Msikilize hata kama huelewi. Mimi mpaka leo sijampenda nyoka, na mwanangu anajua. Lakini kila jioni namwuliza, "Leo wangapi?" na nasubiri jibu hadi mwisho.

Na mfanye akufundishe. Mtoto anayemfundisha mama yake hawezi kuchoka haraka, kwa sababu kesho mama atauliza tena.